Msaragambo wa Kasoro

Mdogo wangu Zipora kazi yake ni kutafuta makosa. Tangu utotoni kwetu Mbaga alikuwa na kipaji hicho, na hakikumletea marafiki. Ukimpikia makande atakuambia chumvi imezidi kabla hajakushukuru. Alipokua akapata watu wa kumlipa kwa tabia hiyo hiyo. Wanaotengeneza programu za simu humpa programu ambayo haijaanza kutumika, naye huibofya, huikatia mtandao katikati, huijaza majina ya ajabu, mpaka ikosee. Kisha anaandika imekosea wapi na kwa hatua zipi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nasahihisha madaftari mpaka macho yananiuma, kwa hiyo nilimwambia sisi ni ndugu kweli.

Ufundi huo alijifunzia Dar es Salaam, peke yake, katika chumba cha kupanga. Hakuwa na mtu wa kumwambia hapa umepatia, hapa umeboronga. Akituma taarifa ikikataliwa, hajui kwa nini. Alirudi Same, mji wetu wa chini ya milima ya Upare, amekonda, na nilipomuuliza kilichomrudisha hakutaja ugumu wa maisha. Alisema, "Dada, nilikuwa nazeeka bila kukua." Alitaka jambo moja tu: pawe na kundi hapa hapa Same, ili kijana anayeipenda kazi hii asilazimike kujifungia ugenini kama yeye.

Akaomba chumba cha shule ya Jumapili kanisani kwetu, akakusanya vijana watano. Prisca alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mpole, mwenye jicho kali kuliko wote. Hezroni aliendesha bodaboda kutwa na ana watoto wawili. Elirehema alikuwa anapanda na kushuka magari kutoka kijijini Kihurio, viatu vina tope la mashamba ya mpunga. Wengine wawili walikuwa mapacha wa jirani yetu, wasiokosana hata kwa dawa. Kila Jumapili baada ya ibada walikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, wanabishana juu ya simu. Mimi niliwapelekea chai ili nipate kisingizio cha kuwatazama.

Zipora hakuwa na huruma. Ukiona kasoro unaiandika, kisha mwenzako anafuata hatua zako kwenye simu yake, na wewe umefunga mdomo. Kasoro isipotokea, taarifa yako inatupwa. Hezroni siku moja alitoka akabamiza mlango, akarudi baada ya kumpeleka abiria mmoja stendi, akaandika upya. Miezi ikapita, nikaona wameanza kuandika sentensi safi kuliko walimu wenzangu.

Na kulikuwa na utaratibu mwingine, ule alioutoa kwetu milimani. Mpare yeyote anaujua msaragambo: mfereji ukipasuka, baragumu linapigwa na kila nyumba inatoa mtu na jembe lake. Hakuna anayeuliza leo ni zamu ya nani kupata maji. Zipora aliuhamishia chumbani. Mmoja akiona kasoro anaita, wote wanaacha walichoshika wanamzunguka, kila mmoja anaijaribu kwa simu yake, wanapunguza hatua zisizohitajika, wanapanga maneno pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo alivyowafundisha, na waliamini.

Mwaka jana kampuni moja ya mtandaoni iliwapa majaribio. Programu ilikuwa ya kukata tiketi za basi, na wakifaulu wangepewa kazi mfululizo, wakiwa wamekaa Same yao. Sijawahi kumwona Zipora mchangamfu vile. Aliwaandikisha wote kwa mwaliko wake, akasoma masharti mara mbili. Yalikataza kumwonyesha programu mtu asiye katika majaribio. Basi wao sita wote walikuwa ndani ya majaribio, akaona hakuna tatizo.

Prisca ndiye aliyeiona. Ukichagua kiti ukalipia, mtandao ukakatika, ukarudi, kile kiti kinauzwa kwa mtu mwingine na tiketi yako bado unayo. Aliita. Wote wakamzunguka. Wakaijaribu kwenye simu sita, wakapunguza hatua kutoka tisa mpaka nne, wakaipanga taarifa mpaka ikanyooka. Kisha kila mmoja akaituma kwa jina lake, maneno yale yale, kama watu wanaotoka mferejini kila mmoja na jembe lenye udongo ule ule. Walishangilia mpaka mchungaji akaja kuchungulia.

Jibu lilikuja kabla ya Jumapili nyingine. Taarifa sita zinafanana, mmeibiana, akaunti zimefungwa. Kumbe kule kila mjaribu hushindana na mwenzake, na anayeona kwanza ndiye mwenye mali. Niliposomewa ujumbe ule nilitukana, na mimi ni mzee wa kanisa. Zipora hakutukana. Alisema kosa ni lake, alidhani kila mahali watu wanafanya kazi kama watu.

Mwishoni mwa ujumbe palikuwa na mlango mdogo: kila mmoja atoe maelezo yake, na aliyeiona kasoro wa kwanza atarudishiwa akaunti. Zipora akawaita wote. Nilikuwepo. Aliwaambia Prisca ana haki ya kwenda peke yake, hakuna atakayemlaumu.

"Hapana, dada Zipora," Prisca akasema. "Tuliifanya wote. Tuandike hivyo hivyo."

"Wote au hakuna," Hezroni akaongeza.

Wakakubaliana waeleze ukweli ulivyo: mmoja aliona, wengine wakasaidia, hakuna aliyemwibia mwenzake. Elirehema akaongoza sala, ndefu kama kawaida ya watu wa Kihurio. Njiani kurudi nyumbani Zipora aliimba. Nilifurahi kumsikia, nikajua hata wakikataliwa, kundi lake lipo.

Jibu la pili lilitumwa kwake, kwa kuwa ndiye aliyewaalika wengine. Alinipa simu nisome mwenyewe, tukiwa jikoni, mchana kweupe. Kampuni ilisema imepokea maelezo sita. Watu watano, kila mmoja anadai ndiye aliyeona wa kwanza na wenzake wakamwibia. Wa sita anakiri kwamba walishirikiana. Kwa kuwa maelezo yanapingana, akaunti zote zimefungwa moja kwa moja.

Nilirudia kusoma nikidhani sikuelewa. Hezroni, sawa, ana watoto wanaokula kila siku. Mapacha wale kila mmoja alikuwa amemwita mwenzake mwizi. Na Prisca, ambaye kweli aliona wa kwanza, alikuwa ameandika kwamba wenzake wote, mwalimu wake Zipora akiwemo, walimchungulia. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

"Niache niende nikawaseme," nikamwambia Zipora. "Mmoja mmoja. Mbele ya wazazi wao."

"Usiende, dada." Hakuwa analia. Afadhali angelia. "Angekuwa mmoja ningemkasirikia. Wote watano, nimkasirikie nani? Ni mimi niliyewafundisha vibaya, au hakuna kinachofundishika."

Aliwaambia kwamba kampuni imekataa, basi. Hakuwaambia kwamba anajua. Nao wakapokea kwa huzuni ya heshima, kila mmoja akiamini ni yeye peke yake aliyeteleza, na kila mmoja akimwogopa Zipora kidogo bila kujua sababu ya upole wake mpya. Kwa maana sasa alikuwa mpole. Taarifa mbovu hakuitupa tena. Alisema "vizuri" na kuendelea.

Jumapili zikapungua watu. Mapacha wakaacha. Elirehema akasema mpunga umemshika. Mwezi uliopita nilipopeleka chai niliwakuta watatu: Zipora mbele, Hezroni karibu na mlango, Prisca pembeni kwa dirisha. Walikuwa na programu ya mazoezi, haina malipo wala zawadi, ya kujifunzia tu.

"Shikamoo, mwalimu," Prisca akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na lilinitoka kwa shida.

Nilikuwa namimina chai nilipomwona ameacha kubofya. Nimemfundisha mtoto yule tangu darasa la pili, najua uso wake akipata jibu. Macho yalimfunguka, akasogeza simu karibu, akarudia hatua, akatabasamu peke yake. Zipora naye alimwona. Akanyanyuka kwenye kile kiti kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu ujumbe ule nikaona uhai usoni mwake. Akamwendea.

"Umeona nini, Prisca?"

Prisca akaigeuza simu, kioo kikalalia kifua chake.

"Hakuna kitu, dada."

Zipora akasema, "Haya," akarudi kukaa, na tukanywa chai.