Mnara wa Kuonjea

Simpendi mkuu wangu wa kazi, na sitajifanya kumpenda kwa sababu tu haya nimeyaandika na huenda mtu akayasoma. Chuki yangu haikuja kwa siku moja. Ilijijenga mkutano baada ya mkutano, katika chumba cha juu cha nyumba kongwe ya mawe Mji Mkongwe, ambako chokaa hutudondokea kwenye kompyuta na yeye husema tusijali, jengo lina historia. Watu husema nina mdomo. Ninao, na hapa nitautumia.

Kazi yetu ni minara ya simu. Mtu akiupita mnara huona chuma na taa nyekundu juu yake. Hajui kwamba ndani mna mamia ya maagizo madogo: simu zipi zipokewe, kwa nguvu kiasi gani, mnara ukizidiwa umkabidhi jirani yupi. Maagizo hayo tunayaita mipangilio, na tunayabadilisha kutoka ofisini, bila ya mtu kupanda ngazi. Hapo ndipo penye hatari. Anayepanda ngazi huogopa kuanguka. Anayebonyeza kitufe haogopi kitu, maana anayeanguka ni mwingine.

Kwa hiyo kazi hii ina adabu yake. Hubadilishi minara ya kisiwa kizima kwa mkupuo. Unabadilisha mmoja, unausubiri, unauchunguza, na ukiona umeharibu unarudisha mipangilio ya zamani upesi. Sisi tunaita kuonja. Neno hilo nililileta mimi ofisini, na nililitoa jikoni kwa bibi yangu. Mchana wa Ramadhani, naye amefunga, alikuwa akigusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi ajue chumvi, kisha anatema. "Afadhali niteme mimi kuliko wateme wageni," akisema.

Wenzangu walilipenda neno hilo. Mkuu alilipenda kuliko wote, akawa analitia mikutanoni kana kwamba alizaliwa nalo. Lakini alilichukua neno akaiacha maana. Mpishi huonja kwa ulimi wake mwenyewe. Yeye alikuwa akionja kwa ndimi za watu.

Mimi nilitaka tuonjee kwenye mnara wa Mji Mkongwe, ulio juu ya vichwa vyetu, ili tukikosea simu zetu ziwe za kwanza kunyamaza.

"Hapa kuna mahoteli, kuna mabenki, kuna wakubwa," akasema. "Tuanzie shamba. Watu wa shamba hawana kelele."

Akachagua mnara mmoja wa mbali kaskazini, kijiji cha wavuvi na wanawake wa mwani. Haki yake nimpe: ni jambo la busara kuanza penye watu wachache, na waliotufundisha kazi walisema vivyo hivyo. Ila ukianza penye watu wachache lazima umweke mtu pale pale, na simu mkononi, apige na apigiwe. Yeye hakumweka mtu. Kipimo chake kilikuwa kuwauliza wale wanaopokea simu za wateja, "Kuna malalamiko?" Wakimjibu hakuna, basi imepita, tuendelee na minara mingine.

Siku moja nikamuuliza mbele ya wote, "Mkuu, mnara ukiharibika, watalalamika kwa simu gani?"

Wenzangu waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Wewe bibie," akasema, "una maneno mengi kuliko kazi."

Mnara ule ulikuwa ndio mnara wa bibi yangu. Nilimwambia hilo pia. Akasema kazi haiendeshwi kwa ukoo.

Bibi ndiye aliyenilea. Na bibi alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa kijiji chake, kwa miaka mingi, hawakuzikwa bila kupita mikononi mwake. Alinifundisha tangu sijaolewa: maji ya uvuguvugu, majani ya mkunazi, kuanzia upande wa kulia, kafuri mwisho, na shuka isifunuke zaidi ya panapohitajika. Juu ya yote alinifundisha kufunga mdomo. Anachokiona mwosha hukizika pamoja na maiti.

Alipoanza kuzeeka alikuwa akisema kwa utani, "Mwosha huoshwa. Na mimi wa kunikosha nshamchagua." Akinitazama mimi. Wanawake waliobaki kijijini hakuwaamini. "Wale wakikukosha asubuhi, jioni kitovu chako kinajulikana mpaka Nungwi. Unikoshe wewe, mjukuu wangu. Usiniachie wale."

Nikamwahidi. Na alipolala kitandani, akawa hali ila uji, nikapatana na binamu yangu anayeishi naye: likitokea la kutokea, anipigie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi hatuweki maiti. Mtu akifariki asubuhi, alasiri yuko kaburini. Kutoka mjini mpaka kule si mbali, lakini lazima uambiwe. Ahadi yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye simu moja ya kitochi iliyofungwa mpira ili betri isidondoke.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa yangu. Mipangilio ilikuwa imetayarishwa na mkuu mwenyewe, na mnara wa kuonjea ulikuwa ule ule. Nikamwomba gari la ofisi liende kaskazini na mtu wa kujaribu simu. Akasema gari analitaka yeye, anakwenda Tunguu, chuoni, kuwahutubia wanafunzi. Nilimuuliza anawahutubia nini. Akanijibu bila haya kwamba anawaeleza namna ya kufanya mabadiliko salama katika mitandao ya simu.

Mabadiliko yakaingia. Kwenye kioo, mnara ukawa wa kijani. Kijani hicho kilimaanisha kwamba mnara una umeme na unatoa mawimbi. Hakikumaanisha kwamba kuna mtu aliyepiga akajibiwa. Chini yake mna mstari unaoonesha simu zinazopita, na mstari ule ulilala chini, ukanyooka, usinyanyuke tena.

Nikampigia mkuu. "Hakuna simu hata moja inayopita kule."

"Saa hizi wanawake wamo pwani kwenye mwani, wanaume wamo baharini. Nani akupigie simu?"

"Nimempigia binamu yangu hapatikani."

"Betri. Unawajua watu wako. Kuna malalamiko?"

"Hakuna."

"Basi sasa unataka nini? Usiguse kitu mpaka nirudi." Akakata, maana wanafunzi walikuwa wakimsubiri.

Kwa kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe, kurudisha mipangilio ya zamani kulihitaji ruhusa yake. Kuharibu kulikuwa na haraka, kutengeneza kulikuwa na kibali. Nikampigia tena, simu imezimwa. Nikampigia binamu tena na tena. Sauti ya yule mwanamke wa mashine, anayesema kwa upole kwamba unayempigia hapatikani, mpaka leo nikiisikia hunipanda damu.

Binamu alinipigia baada ya adhuhuri. Nilisikia upepo na honi.

"Dada, niko Kinyasini. Huku ndo simu imekubali." Alikuwa akihema. "Toka asubuhi nnapiga, haitoki. Tumejaribu simu zote za mtaani, hata ya skuli. Watu wakasema mtandao unasumbua tu, utarudi, wameshazoea. Nkangoja, nkangoja. Mwisho nkaazima pikipiki."

"Bibi?"

"Kafariki, dada. Muda ule ule wa asubuhi. Wanamkosha sasa hivi. Nliwaambia wakungojee, wakasema hata hatujui kama kapata habari."

Nilirudi kwenye kiti changu na nikarudisha mipangilio ya zamani. Sikuomba ruhusa ya mtu. Mstari ukanyanyuka pale pale, mbele ya macho yangu, simu za kijiji kizima zikimiminika kwa pamoja. Hao ndio watu wasiokuwa na kelele. Kisha nikajifunga mtandio vizuri, na mwenzangu mmoja akanipakia kwenye vespa yake bila kuulizwa.

Bububu barabara ilikuwa imefungana. Mwenzangu alipita pembeni, mchangani, huku akitukanwa, na mimi nikiwajibu waliomtukana. Njia nzima nilikuwa nikihesabu kichwani hatua za kuosha, nikijiambia sasa wako kwenye maji ya mkunazi, labda wamechelewa kuyachemsha, labda sanda bado haijakatwa. Nilipanga nikifika nitaingia tu, nitamwondoa yeyote aliyesimama pale, na wakinichukia wanichukie.

Jeneza nilikutana nalo njiani, pale unapoiacha lami kuingia kijijini. Mwenzangu akazima vespa, tukasimama pembeni. Wanaume walikuwa wakilipokezana bega kwa bega, upesi upesi, kila mmoja akibeba hatua chache na kumwachia mwenzake, na hakuna aliyelidondosha. Mimi mwanamke, siwezi kuwafuata makaburini. Nilisimama kwenye majani na mikono mitupu mpaka wa mwisho wao akapita.

Hapo simu yangu ikalia. Mkuu. Mnara aliouua asubuhi ulinipa sauti yake safi kabisa.

"Nani kakupa ruhusa ya kurudisha?"

Nikaizima.

Siku ya khitma alikuja, kanzu imepigwa pasi, na wenzangu wote nyuma yake. Tulikutana ukumbini, akanipa pole kwa sauti ya kusikika na wengi. "Kazi ya Mungu haina makosa," akasema.

"Ya Mungu haina," nikamjibu. "Ya kwako inayo."

Shangazi yangu alinivuta mtandio, na wazee wakaangalia chini. "Ana uchungu, msameheni," mkuu akawaambia. Alinisemea hata hasira yangu, kana kwamba nayo ni mali ya ofisi.

Laiti mambo yangeishia hapo, labda ningelitulia. Lakini jioni hiyo, wakati wa kukosha sahani, mwanamke mmoja nisiyemjua alinisogelea na kuninong'oneza. "Masikini bibi yako," akasema, "kumbe alikuwa na kovu kubwa vile pajani. Kaungua na nini?"

Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utoto wangu wote sikujua kwamba ana kovu. Miaka yote hiyo alilificha, akaoga gizani, akabadilisha nguo chini ya kanga, akachagua mtu wa kulizika pamoja naye. Na sasa lilikuwa linazunguka kijijini pamoja na masufuria. Nilimwambia yule mwanamke auchunge ulimi wake au nitauchunga mimi. Akaondoka amenuna. Bila shaka alikwenda kusimulia na hilo.

Sijui bibi aliungua na nini. Wa kumuuliza hayupo. Nilikaa kwenye kitanda chake usiku ule nikalia kwa ghadhabu zaidi kuliko kwa huzuni, na sioni aibu kusema.

Niliporudi kazini nilikuta mkuu ameshawaeleza wakubwa zake kwamba mabadiliko yalisitishwa kwa sababu za kifamilia za mfanyakazi mmoja, na kwamba katika muda wote wa majaribio hakukupokewa malalamiko. Neno la kwanza ni uongo. La pili ni kweli tupu, na ndilo lililoniudhi zaidi. Hakuna aliyempinga. Kosa lenyewe tulilipata wenyewe, mimi na mwenzangu wa vespa: agizo moja liliuamuru mnara uzikatalie simu zote zinazobisha hodi. Ulikuwa umewaka na mlango umetiwa komeo.

Baada ya wiki kadhaa tukakaa tena chini ya chokaa ile ile. Mipangilio ilikuwa imesahihishwa na ilikuwa lazima iingie. Mkuu alifungua kikao, akakohoa, akauliza, "Haya, safari hii tuonjee wapi?"

Kila mtu alikuwa na kitu cha kuangalia mezani.

"Bububu," nikasema.

Alijua, na sote tulijua, kwamba mama yake anakaa Bububu. Tulijua pia kwamba anaumwa, maana mkuu alikuwa akiweka simu yake mezani, kioo juu, na kuitupia jicho kila baada ya muda mfupi. Hata wakati ule aliitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi.

"Bububu haiwezekani," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Mama yangu mgonjwa sana, bibie. Mtandao ukikatika, likitokea jambo, mimi ntajuaje?"

"Subiri malalamiko," nikamwambia.