Doa katika Kitabu cha Matukio

Nilihamishiwa Vanga kwa sababu ya kupenda mwandiko safi. Nikiwaambia watu hivyo hucheka. Wanaoijua barabara ya Vanga na mbu wake hudhani askari haletwi huku ila kwa ulevi au kwa kumpiga mtu. Mimi sinywi, wala sijampiga mtu. Nilikuwa askari mwandishi katika kituo kimoja cha polisi upande wa Msambweni, na kosa langu nililifanya nimekaa kitini. Naliandika kwa sababu kila nikilisimulia kwa mdomo najitetea zaidi kidogo kuliko mara iliyotangulia, na nimechoka kujisikia nikijitetea.

Shule niliiachia darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kwa kuiga barua za karani mmoja wa mahakama ambaye herufi zake zilisimama kama zimepangwa na fundi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu isiyomtoka: kwamba siku moja atatokea aliyesoma kweli, ainamie kazi yake, kisha acheke. Kwa hofu hiyo nilikuwa nikinawa mikono mara mbili kabla ya kushika kalamu. Herufi moja ikinikalia vibaya, sikuweza kula chakula cha mchana.

Pale mezani palikuwa na kitabu cha matukio. Kila jambo linaloletwa kituoni huandikwa humo papo hapo, kwa wino, na hupewa nambari. Kurasa zimepigwa nambari kiwandani, kwa hiyo ukichana mmoja utajulikana. Huruhusiwi kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa na kutia sahihi pembeni. Huruhusiwi kuruka mstari. Nilizijua kanuni hizo kwa moyo, na nilikuwa nikiwasahihisha wenzangu mpaka wakanichoka. Sajini wetu, mzee wa kazi aliyeanza wakati wa Mzungu, aliniita Bwana Mwandiko.

Lakini kanuni moja nilikuwa nikiivunja kila siku, ile ya papo hapo. Sikuweza kuvumilia kuandika jambo moja kwa moja kitabuni mtu akiwa amesimama mbele yangu analia au anabadilisha maneno. Nilikuwa nikiandika kwanza nyuma ya fomu kuukuu, naipanga habari na kuzitengeneza sentensi, halafu alasiri, kituo kikitulia, nanakili kitabuni bila hata kosa moja. Inspekta, mkuu wa kituo, mtu wa bara, aliwahi kuwaonyesha wageni kitabu changu. Nilijiona nimefika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Kwanza tuliambiwa polisi ni wa jimbo, kisha tukaambiwa hapana, ni wa serikali kuu. Sisi kofia zilikuwa zile zile, ila kila aliyeingia mlangoni na beji ya chama kifuani alituona ni watumishi wake. Huyu anataka mtu wake afunguliwe, yule anataka adui yake afungwe. Aliyepiga kura alisema ametuajiri, aliyepigiwa kura naye akasema hivyo hivyo. Ilikuwa inachosha sana.

Siku ninayoisema inspekta alikuwa amekwenda Kwale mkutanoni. Saa nne asubuhi aliingia mama mmoja aliyetoka Kinondo, mjane, leso mbili, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kushitaki."

"Unamshitaki nani?"

"Lori."

"Lori halishitakiwi, mama."

"Basi mwenye lori. Lakini nikimtaja utaweka kalamu chini."

Nikaichovya kalamu katika wino mbele yake, ili aone. Hakujua kwamba karatasi niliyoivuta ilikuwa nyuma ya fomu kuukuu.

Alimtaja. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama. Lori lake lilikuwa likibeba mchanga, na njia ya mkato ilipita mahali iliposimama minazi mitatu ya huyu mama. Vijana wa mwenyekiti walikuwa wamekuja na mashoka, wakaikata yote mitatu. "Na vidaka vyake juu," alisema, yaani vile vinazi vichanga. "Vimetapakaa chini, watoto wanavipiga mateke. Aliipanda mama yangu, nami nikairithi."

Shamba lilikuwa la shemeji zake, minazi ilikuwa yake. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na watu wameishi hivyo tangu zamani bila kugombana. Shemeji zake walikuwa wamemruhusu mwenyekiti apite. Waliwezaje kumruhusu akate kisicho chao, hilo ndilo alilotaka kumuuliza hakimu.

"Nataka nambari," alisema. "Nimeambiwa kule mahakamani Kwale hawanisikilizi bila nambari ya polisi."

"Njoo kesho asubuhi, mama."

"Siwezi kuingoja hapa?"

"Kesho. Nataka nikuandikie vizuri."

Aliniangalia, kisha akaiangalia ile karatasi. "Haya. Nitalala kwa mdogo wangu hapa hapa. Uniandikie vizuri basi."

Adhuhuri mwenyekiti mwenyewe akafika. Kanzu safi, salamu ndefu. Alimuuliza sajini habari za mkewe, za mguu wake, za watoto wake sita, mmoja mmoja kwa jina. Ni hayo majina yaliyonitia baridi. Kisha akasema:

"Nasikia asubuhi mlikuwa na mgeni kutoka Kinondo. Hebu nikione kitabu."

Raia haruhusiwi kukisoma kitabu kile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, lakini sajini alikuwa ameshakigeuza juu ya meza kumwelekea. Mwenyekiti akavaa miwani. Mstari wa mwisho ulihusu mbuzi aliyepotea.

"Hakuna kitu," alisema, na hakuwa akiuliza. Akaendelea kuukodolea macho ule ukurasa. "Nani anayeandika hapa?"

"Ni huyu," akasema sajini.

"Mashallah. Mwandiko kama huu! Nchi yetu inawataka vijana kama wewe."

Hapa ndipo ninapotamani kudanganya. Nilifurahi. Yule mtu alikuwa amekuja kumfuta mjane katika kitabu cha serikali, akakuta mimi nimeshamrahisishia kazi, akanisifu, nami uso ukanipata moto kwa furaha. Nilisema, "Asante, mheshimiwa."

Alipotoka, sajini alifunga kitabu taratibu.

"Ile karatasi iko wapi?"

"Mfukoni, afande."

"Ikae huko huko mpaka ioze."

"Lakini afande, kanuni inasema..."

"Bwana Mwandiko, usinisomee kanuni. Kanuni inasema uandike papo hapo. Uliandika?"

Nikaigusa karatasi mfukoni.

"Zamani Mzungu alikuwa akipiga simu kutoka Kwale, nami natii. Huyu hata simu hakupiga, amekuja kwa miguu yake kuniamkia. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wajir, kule jangwani wanakotupwa wakaidi, naisikia redioni tu, na nataka iendelee kuwa hivyo. Ungeiandika asubuhi, ningemwonyesha, ningemwambia bwana, mimi nifanyeje, imo kitabuni. Angekasirika, akaenda zake. Sasa umeniachia mlango wazi unataka mimi nisimame mlangoni?"

Nilikasirika naye jioni nzima, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilimkasirikia mwenyekiti, na inspekta kwa kwenda mkutanoni, hata yule mama kwa kukubali haraka kurudi kesho. Angepiga kelele! Wengine hupiga kelele mpaka unaandika. Nilizunguka hivyo nikigawa lawama, na kila nilipomaliza kuigawa, kubwa kuliko zote ilibaki mfukoni mwangu, imekunjwa mara nne.

Asubuhi nilimkuta ameshakaa kwenye benchi. Sajini alinitangulia kusema.

"Mama, shamba si lako. Utashitaki nini?"

"Sikusema shamba, baba. Nimesema minazi."

"Minazi iko shambani kwa watu."

"Na wewe kofia yako iko ndani ya nyumba ya serikali. Nikiichoma moto utaniacha?"

Sajini alinigeukia kama anayeomba msaada. Mimi nikavuta kitabu. Sikunawa mikono. Nikatoa karatasi yangu, nikaanza. Kalamu ikakwama kwenye uzi wa karatasi, na tone la wino, kubwa kama sarafu, likadondoka katikati ya ukurasa. Nilikimbilia karatasi ya kukaushia nikalisugua badala ya kuligandamiza, doa likatambaa mpaka ukingoni. Miaka mitatu sikuwa nimedondosha hata tone. Nikaendelea kuandika pembeni mwa doa, herufi zikipanda na kushuka, na mwishoni nikatia: *Ripoti hii ililetwa jana saa nne asubuhi. Haikuandikwa siku hiyo kwa sababu ya uzembe wangu.* Nikatia sahihi.

Sikuandika kwamba mwenyekiti alikisoma kitabu, wala kwamba niliambiwa ninyamaze. Ujasiri wangu uliishia kwenye nukta ile. Ningeongeza mstari mmoja tu. Sajini alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, nilikuwa nikimsikia akipumua, na niliwakumbuka watoto wake kwa majina, maana jana yake nilikuwa nimesomewa wote sita.

Inspekta alifika kutia sahihi yake ya asubuhi. Akafungua, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni ripoti, afande."

"Mimi naona ziwa." Akasoma taratibu. "Mtu ana miti bila shamba? Kwetu mti ni wa mwenye shamba."

"Huku sivyo, afande. Mtu hurithi mti peke yake, na mahakama inalijua hilo."

Akasoma tena, safari hii mpaka mwisho. "Unajua nitakushitaki kwa kuchelewesha ripoti?"

"Najua, afande."

"Na unajua nikitia sahihi hapa, ile simu italia?"

"Najua."

Alishika pembe ya ukurasa. Nilimwona akiitazama nambari iliyopigwa kiwandani, kisha ya ukurasa uliotangulia na ya unaofuata. Akaiachia pembe akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia la mtu mwingine.

"Kijana, unanichosha. Ungeandika jana, leo ningekuwa nakunywa chai. Mwenyekiti akipiga, ningemwambia iko kitabuni, na kitabu si changu. Sasa ataniuliza kwa nini leo, kwa nini si jana, nani amekuchochea. Umempa maneno." Akatia sahihi, kwa nguvu, na kalamu yake mwenyewe ikatoboa karatasi.

Nilimwandikia mama nambari kwenye kipande cha karatasi. Akakigeuza huku na huku, maana hakujua kusoma, kisha akaomba aonyeshwe mahali penyewe kitabuni. Hilo nalo haliruhusiwi. Inspekta alikuwa ameingia ofisini kwake. Sajini alitazama dirishani. Nikamgeuzia.

"Langu ndilo hili?"

"Ndilo, mama. Uniwie radhi, pamechafuka."

"Kumbe hapa palipochafuka?" Akaweka kidole karibu na doa bila kuligusa. "Afadhali. Nitapajua."

Simu ililia kabla ya saa sita. Kupitia ukutani nilimsikia inspekta akisema, "Imo kitabuni, mheshimiwa," mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Wiki ile ile nilisomewa shitaka langu la uzembe, nikakiri, na barua ya uhamisho ikafuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa Wajir. Nilipoona Vanga nilicheka peke yangu.

Sajini alipita huku mwezi uliopita kuleta barua za kituo, akanung'unika juu ya barabara mpaka chai ikapoa. Ndipo akaniambia kesi ya minazi imetajwa. Mwenyekiti alileta wakili kutoka Mombasa, na wakili akasema hakuna ripoti yoyote ya tarehe inayodaiwa. Hakimu akaagiza kitabu, sajini akakipeleka. Karani wa mahakama akawa anafunua kurasa, analamba kidole, anafunua, hapaoni. Mama akaomba ruhusa, akasogea, akafunua mwenyewe mpaka akafika, akaweka kidole. "Ni hapa."

Hakimu akasoma, akataka kujua ni nani mwandishi mchafu namna hii.

"Nikamwambia yuko Vanga," akasema sajini. "Akasema aletwe. Tarehe ijayo utapanda kizimbani, Bwana Mwandiko, uulizwe ripoti ililala wapi usiku ule na kwa amri ya nani. Mpaka hapo lori limekatazwa kupita." Akasukuma kikombe. "Sikuja kukuomba kitu. Nimekuja kukuambia tu kwamba mwezi ujao nitakuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Nimesikia, afande."

Alipoondoka nilikaa na kitabu cha hapa, ambacho kimejaa madoa yangu, nikachukua fomu kuukuu nianze kupanga nitakayosema mahakamani. Niliandika sentensi ya kwanza, nikaifuta, nikaiandika tena vizuri zaidi. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, na sajini hakuwamo ndani yake kabisa. Nikaichana. Nitakwenda Kwale mikono mitupu, nijibu nitakavyoulizwa.