Mkalimani Husema "Mimi"

Treni iliyonitoa Kongolo iliharibika injini Nyunzu, tukalala kwenye mabehewa tukingoja nyingine. Nilifika Kalemie miguu imevimba, mali yangu ikiwa begi na Kijerumani kidogo nilichofundishwa na padri mzee wa misheni. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia nyumbani mwa watu. Mkuu wa mradi wa mazingira, mama wa Kijerumani, alinipokea kwenye biro yake, ofisi ndogo karibu na bandari.

"Kijerumani hicho cha kuagizia chai hakinitoshi," alisema. "Nahitaji mtu wa kubishana."

Kila asubuhi alinipa hoja moja: mmomonyoko, taka za mjini, ujenzi wa ufukweni. Leo niitetee, kesho niipinge kwa nguvu ileile. Ninyi mnaojifunza lugha kwa simu, daraja la juu ndilo hilo: kubeba wazo usilolikubali bila kulipunguza. Tena mkalimani hasemi "anasema kwamba." Husema "mimi," kana kwamba yeye ndiye mwenye maneno.

Nilipanga chumba kwa Mama Feza, aliyeanika ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya mlango wake, hatua chache kutoka majini. Alinilisha bukari, ugali wa huku, kama mdogo wake.

Siku ya mkutano mtaa wote ulikuja. Mkuu akazungumza, nikatafsiri: "Mimi naona lazima muhamie kilimani. Nitabomoa nyumba za mstari wa kwanza."

Mama Feza akasimama, akanitazama mimi. "Papa Kabwe, njo weye utavunja nyumba yangu?"

"Si mimi, Mama. Ni yeye."

"Yeye sijamusikia. Niko nasikia weye."

"Na leo utakula wapi bukari, Muzungu?" mtu akanipigia kelele. Watu wakacheka.

Mama Feza hakucheka. "Umuambie, kule ku mulima hakuna samaki. Nitakufa njaa mahali pakavu."

Nikamgeukia mkuu: mimi naanika ndagala, mimi nitakufa njaa. Sijawahi kusema Kijerumani kizuri kama siku ile.

"Hoja nzuri," mkuu akajibu. "Lakini maji hayabishani."

Nyumba zilibomolewa. Nilihamia chumba kingine, nikaendelea na kazi mpaka mradi ulipofungwa. Sasa, bila kazi, mara nyingi najikuta nabishana peke yangu kwa Kijerumani, pande zote mbili, na hakuna upande unaoshinda.

Siku niliyoondoka Kalemie moja kwa moja, nikielekea boti ya Moba, nilimkuta Mama Feza sokoni. Alikuwa akiuza makaa, ya miti iliyokatwa kule kilimani walikohamishiwa. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwiko. Nikamwamkia.

"Unataka mufuko ao kopo?" akauliza.

"Nasafiri, Mama. Sirudi."

"Basi sogea kidogo, Papa. Unazuia wateja."