Hatashindana na Mwajiri

Watu walimwita Kimya, na jina likamkaa. Ni fundi wa meno bandia. Daktari anachukua umbo la fizi zako na kulituma karakana, na huko kuna mtu anamimina plasta, anapanga meno kwenye nta moja moja, kisha anayasugua mpaka yang'ae. Mtu huyo ndiye Kimya. Hujawahi kumwona, ila huenda bibi yako anatafuna kwa hisani yake.

Bosi wake alikuwa mfanyabiashara mwenye ugonjwa wa kuingilia kazi za watu. Alipenda meno meupe. Inaletwa kazi ya babu mvuta sigara, bosi anasema, "Mwekee yale meupe kabisa." Kimya anajua yatakaa mdomoni kama vigae vya choo. Anaweka. Babu anayarudisha kwa daktari kwa hasira, bosi anamfokea Kimya mbele ya wote, Kimya anajibu, "Sawa, bosi."

"Hivi wewe, huyu bosi kakuoa?" fundi wa meza ya jirani alimuuliza siku moja.

"Nimesaini," akasema Kimya, akaendelea kukwangua nta.

Walidhani anatania.

Halafu daktari mmoja wa meno, ng'ambo ya barabara, akaamua kufungua karakana yake. Alimtaka Kimya awe mkuu wa hapo, na wagonjwa waletwe kwake awatazame usoni ndipo achague rangi. Fundi aliyezoea kutengeneza vinywa vya watu asiowaona, ukimwambia hivyo umemmaliza. Alikubali palepale.

Alipokwenda kuaga, bosi akatoa mkataba kwenye droo na kuweka kidole kwenye mstari mmoja: *Mfanyakazi hatashindana na mwajiri, akiwa kazini na kwa mwaka mmoja baada ya kuacha kazi.*

"Huendi popote," akasema.

Daktari alipousikia mstari huo, akaingia ubaridi. "Lete barua ya kuachiliwa. Bila hiyo siwezi, sitaki kesi."

Jioni Kimya akaupeleka mkataba kwa wifi yake, mke wa kaka yake, anayechapa nyaraka kwenye ofisi ya mawakili. Wifi alikuwa anaosha vyombo. Akajifuta mikono, akasoma.

"Wifi, huu uliusoma kabla ya kusaini?"

"Neno kwa neno."

"Ukaelewa nini?"

"Nisibishane naye."

"Nini?"

"Si imeandikwa? Hatashindana na mwajiri. Mama si alikuwa anatuambia kila siku, usishindane na mkubwa? Nikajua ni mambo ya adabu."

"Na huo mwaka mmoja baada ya kuacha kazi?"

"Hata nikikutana naye sokoni, nisimjibu vibaya."

Wifi alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Kaka yako alinificha mengi! Mwenzangu, hii ni biashara. Maana yake usiende kufanya kazi kwa mshindani wake."

"Sasa kwa nini wasiandike hivyo?"

Swali zuri. Kila mjuaji mtandaoni atakwambia soma mkataba kabla hujasaini. Huyu alisoma. Aliyeandika ndiye aliyetupa neno lenye maana mbili kisha akaenda zake kunywa chai.

Kimya akauliza, "Kwa hiyo kubishana naye sikukatazwa?"

"Hakuna mahali."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, wifi yangu."

Asubuhi bosi akapita na bakuli la meno. "Huyu mama mwekee meupe."

"Hapana," akasema Kimya.

Karakana nzima ikasimamisha mashine.

"Umesemaje?"

"Ana miaka sitini na tano. Ukimwekea haya atafanana na friji. Hata yule babu wa juzi ulimharibu wewe, mimi nikafokewa."

"Unashindana na mimi?"

"Ndiyo. Na plasta unayonunua ni mbovu."

Kesho yake akabishana juu ya nta. Keshokutwa, juu ya feni. Daktari mteja alipokuja kulalamika kuhusu taya lililokaa upande, Kimya akamwambia, mbele ya bosi, nani aliamuru liharakishwe. Mdomo uliofungwa miaka yote hiyo ulikuwa na akiba. Bosi aliogopa kumfukuza, maana mkataba ulimfunga anayeacha kazi, si anayefukuzwa, asije akamrushia yule daktari wa ng'ambo fundi wa bure. Kumnyamazisha alishindwa. Wateja wakaanza kupitia kwa Kimya kwanza, ndipo waende kwa bosi, na hilo ndilo lililomuuma.

Ijumaa bosi aliingia na barua ya kuachiliwa, akaibamiza juu ya meza ya Kimya, kati ya mataya.

"Haya, nenda! Nenda kashindane na huyo daktari wako!"

Kimya alifuta vidole, akaisoma yote, kisha akamrudishia.

"Hujapiga muhuri."

Bosi akarudi ofisini kuutafuta.