Pale Mama Yake Alipomwacha

Watu wa mtaa wa Buyenzi walikuwa na maneno mengi juu ya Mama Zubeda, na mengine alistahili. Kwamba ana kichwa kigumu, ni kweli. Kwamba aliwahi kumnyima mume wake mjukuu wao wenyewe, ni kweli pia, na tuliseme hilo mapema ili mwanamke huyu ajulikane.

Mume wake, Massoudi fundi redio, alifika siku moja saa sita mchana kwenye ua wa mkewe wa kulelea watoto, kumchukua mjukuu, mikono mitupu. Zubeda, ambaye asubuhi ileile alikuwa amemtilia chai kwa mkono wake, akasimama mlangoni.

"Kitambara iko wapi?"

"Zubeda we! Mi ni bwana yako!"

"Bwana yangu namujua. Naomba kitambara."

Mzee wa watu akarudi nyumbani na jua la utosi, akakitoa chini ya godoro, akaja nacho huku amenuna. Majirani walimcheka mwezi mzima.

Zubeda alilea watoto wadogo kama thelathini katika ua aliokodi karibu na msikiti, kuanzia wa miaka mitatu hadi wale waliokaribia kuanza shule. Aliwafundisha nyimbo, kuhesabu na kunawa mikono. Kila mtoto alipoandikishwa, alichukua kipande cha kitenge na kukikata katikati, mkasi akiupeleka upogo makusudi. Nusu moja aliitundika ukutani kwenye msumari, juu ya jina la mtoto. Nusu ya pili alimpa mzazi. Asiyekuja na nusu yake hapewi mtoto, hata akiwa nani.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Buyenzi ya zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Aliyefika kwanza aliwakusanya wake na wa jirani, akawapeleka wote nyumbani, na hakuna aliyeuliza. Zubeda mwenyewe alikulia hivyo, akaupenda utaratibu huo, akauingiza katika ua wake bila kufikiri mara mbili.

Kisha vita vikaingia mjini. Siku moja ya mwaka 1995 risasi zikalia mtaa wa pili. Tajudini makanika, mtu mwema asiye na baya na mtu, akaja mbio kuchukua wanawe watatu. Alipomwona Espoir, mtoto wa jirani yake, analia peke yake, akambeba naye. Zubeda akamshukuru. Tajudini hakuishia nyumbani. Alivuka mpaka na familia yake hadi Uvira, na hakuna aliyejua. Mama yake Espoir alimtafuta mwanawe siku tisa, akifunua mashuka ya maiti hospitalini, hadi habari zilipofika kwamba mtoto yuko ng'ambo, mzima, anakula vizuri.

Mtoto alirudi amenenepa. Mama yake alirudi na mvi. Hakumtukana Zubeda, na hilo ndilo lililomuuma. Kosa halikuwa la mtu mbaya hata mmoja. Zubeda alielewa siku hiyo kwamba mtoto kuwa mzima hakutoshi. Lazima awe pale mama yake anapomfikiria. Kesho yake alinunua mkasi.

Sasa tufike mwaka 2003, kiangazi, mabomu yalipoanza kuanguka upande wa kusini wa mji. Geneviève, Mkongomani muuza mboga aliyeishi Musaga, upande huohuo wa kusini, alimwacha binti yake Fabiola, mwenye miaka minne, kwa Zubeda asubuhi na mapema, akarudi nyumbani kuokoa vitu vyake. Saa tisa alasiri aliyesimama mlangoni hakuwa yeye. Alikuwa Murhula, kaka yake, dereva wa wazungu fulani kule Kinindo. Shati lake lilikuwa na damu.

"Mama Zubeda, bomu imepiga dada yangu. Ako hospitali, hajaamuka. Mi napeleka familia Bukavu sasa hivi. Nipe mutoto."

Fabiola alikwishamkumbatia mjomba wake mguu. Zubeda alimfahamu kijana huyu. Alishakula nyumbani kwa Zubeda sikukuu ya Idi. Hata hivyo akauliza:

"Na kitambara?"

"Kitambara!" Murhula alipiga kelele hadi watoto wakaanza kulia. "Mama yake anakufa, we unaniuliza kitambara? Na kama bomu inaanguka hapa?"

"Itanikuta na yeye. Pole sana, mwana wangu. Siwezi."

Murhula akaondoka akimlaani. Zubeda alimchukua mtoto nyumbani kwake. Kesho yake alimtuma Massoudi hospitalini, askari wakamrudisha njiani. Siku ya tatu alifika, akaambiwa majeruhi ni wengi na majina ni machache. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba kizee kimemtenga yatima na ndugu zake. Hata Massoudi akasema, "Na kama mama yake amekufa, utamujibu nini Mungu?" Zubeda alisali, alimsuka Fabiola nywele, na kila asubuhi alifungua ua kama kawaida na kumweka kwenye kiti chake, chini ya msumari wake.

Siku ya kumi na moja teksi ilisimama nje. Geneviève alishuka taratibu, bega limefungwa bendeji, kakonda, amevaa gauni la kuazima. Fabiola alipiga ukelele akataka kukimbia. Zubeda akamshika mkono.

Geneviève hakukasirika. Aliingiza vidole ndani ya bendeji akatoa kipande cha kitenge cha kijani, kimekaukiwa na damu.

"Nguo zangu zote walikata," alisema. "Hii niliomba waniachie, kisha nikazimia. Nilipoamuka waliniambia, kaka yako ameenda Bukavu, mutoto lazima ako naye. Nikawaambia apana. Kitambara iko kwangu, basi mutoto ako kwa Mama Zubeda. Nikalala tena."

Zubeda alikuwa analia waziwazi, mbele ya watoto wote. Hata hivyo aligeuka, akatoa nusu nyingine ukutani, akazilaza mbili hizo juu ya meza na kuzisogeza hadi ukingo uliopinda ukakaa sawa na mwenzake. Akahakikisha. Ndipo akaachia mkono wa mtoto.