Koti Ndani Nje

Fundi alikuwa na sheria moja dukani kwake, na hata mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kufuata sheria za mtu, aliiheshimu: nguo isiyokwisha haionyeshwi. Kila koti lililokuwa bado mkononi alilitundika limegeuzwa, ndani nje. Mteja akiingia aliona upande mmoja wa kamba makoti yaliyonyooka, tayari kuchukuliwa, na upande wa pili vitu kama matumbo: kitambaa kigumu cha kifuani, nyuzi nyeupe za bandi, ule mshono wa muda, zikikatiza huku na huku, na maandishi ya chaki ya buluu.

"Huko usiangalie," angemwambia. "Huko ni jikoni."

Na jikoni kulikuwa na siri. Miaka thelathini na moja ya kupima watu ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna mwili uliolingana pande mbili. Huyu nyonga moja imepanda, yule kifua kimebonyea kama sahani. Mambo hayo hakuyaandika kwenye daftari, maana daftari husomwa. Aliyaandika kwa chaki juu ya kitambaa cha ndani cha koti lenyewe, na mteja akampa jina la utani alilolijua yeye peke yake. Bitana ikishashonwa juu yake, basi, siri imezikwa. Watu walitoka pale wamesimama wima, wasijue ni pamba kiasi gani iliyowasimamisha.

Jumamosi hiyo alikwenda kwenye maonyesho ya picha kwa sababu binti yake wa mwisho alisema asipokwenda hatasema naye tena. Binti huyo, mrefu kuliko kaka zake wote, siku hizi alikuwa akipigwa picha za mavazi na rafiki yake, mpiga picha mwenye kichwa kilichonyolewa mpaka kinang'aa. Wiki iliyopita alikuja dukani kuazima koti la kiume kwa mchana mmoja. Fundi alikuwa anatoka kwenda kununua vifungo. "Chukua lolote kwenye kamba," alisema, "urudishe kabla sijafunga." Lilirudi. Hakuuliza lilikuwa lipi.

Ukumbi ulikuwa zamani ghala la magodoro, na sasa kuta zake zilikuwa nyeupe hadi zinaumiza macho. Bibi mmoja kwenye picha alivaa gauni la mifuko ya saruji. Mwanamume mwenye misuli alivaa shela.

"Na huyu shingo yake kaiacha wapi?" mkewe aliuliza mbele ya picha nyingine.

"Kola imeimeza. Mshonaji wake anastahili kushtakiwa."

Walikuwa wanacheka bado walipokata kona, na hapo Fundi akaacha kucheka.

Picha ilikuwa kubwa kuliko mlango. Binti yake amekaa kwenye kigoda, anamtazama mtu kama anayengoja kuombwa radhi, na amevaa koti ndani nje. Mwanga umepigwa kutoka pembeni, kila uzi wa bandi umesimama kama mshipa. Na pale kifuani, kwa herufi kubwa kama kiganja, kwa mwandiko ambao hakuna aliyepaswa kuuona tena duniani:

MNARA. BEGA LA KUSHOTO LIMESHUKA VIDOLE VIWILI. JAZA. ASIJUE.

"Mzee," mkewe akasema polepole, "si mwandiko wako huo?"

"Nyamaza, mama."

Mbele yao kijana mmoja alimwambia mwenzake, "Hilo shairi kaandika nani? 'Asijue.' Neno moja tu, lakini limenichoma."

Mnara alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, mitaa miwili kutoka dukani. Miaka mitatu nyuma mwili wake ulipooza upande mmoja kwa wiki kadhaa, akarudi kazini akitembea kama mnara kweli. Jumatano ijayo bodi ya shule ilikuwa inakaa kuamua kama afya yake inamruhusu kuendelea, na koti lile, la kijivu lenye mstari mwembamba mwekundu, alilishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Fundi alimkuta mpiga picha karibu na meza ya maji.

"Iteremshe ile."

"Shikamoo, Baba. Ipi? Hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote."

"Umempiga mtu picha akiwa uchi."

"Mtu gani? Aliyevaa ni binti yako."

Fundi akatazama nyuma kama kuna anayesikia. Kumtetea mtu yule kulitaka amtaje kwanza. Binti yake akafika, furaha yote imemtoka usoni.

"Baba, ulisema nichukue lolote."

"Nilisema koti."

"Ni koti."

"Ya upande ule si makoti. Tangu unatambaa unajua."

"Yale mengine yote yanafanana. Hili lilikuwa kama linasema kitu."

"Lilikuwa linasema na mimi," Fundi akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamshtua.

Mkewe akamvuta shati. Mlangoni alikuwa anaingia Mwalimu Mkuu, katikati ya walimu wawili wa kike, amenyooka ndani ya koti lake la zamani. Fundi akawahi kusimama mbele ya picha, mikono ameitanua. Lakini alikuwa mtu mfupi. Kichwa chake kiliishia kiunoni mwa koti la pichani.

"Fundi," Mwalimu alisema, "umepewa kazi ya ulinzi?"

Walimu wakacheka. Kisha Mwalimu akainua macho juu ya kichwa cha Fundi, akasoma. Alisoma kama asomavyo mtihani, mstari kwa mstari, na macho yakashuka hadi kwenye kifuko kidogo cha ndani chenye vyumba vitatu vya kalamu. Hakuna mwingine mjini aliyetaka kifuko cha namna hiyo.

"Maskini," mwalimu mmoja akasema. "Sijui ni nani huyo Mnara."

"Nani ajuaye," alijibu Mkuu wake. "Endeleeni, nawafuata." Akamshika Fundi kiwiko, akampeleka hadi mbele ya bibi wa mifuko ya saruji.

"Mnara."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Jina si baya. Uliniambia kidole kimoja. Uliniambia kinarudi."

"Nilikuambia hivyo."

"Viwili tangu lini?"

"Tangu koti la pili."

Mwalimu akaweka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, akaliminya pale pamba ilipo, kama mtu anayepapasa kitu cha mwenzake. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Kila asubuhi najitazama kwenye kioo nimeshavaa," alisema. "Nilidhani nimepona, Fundi. Mwaka jana bodi waliniuliza, nikawaambia mimi mzima. Sikuwadanganya. Nilikuamini wewe."

Fundi alikuwa amezoea wateja wanaolalamikia mkono mrefu au kiuno kinachobana, na kila lalamiko alikuwa na dawa yake. Hili hakuwa na mkasi wa kulikata.

"Ile picha naitoa sasa hivi kwa mikono yangu."

"Ukiitoa wataanza kuuliza. Iache. Jumatatu nakuja dukani." Akaondoka kuwafuata walimu wake, na safari hii Fundi aliona jinsi anavyouvuta mguu kidogo, jambo ambalo pengine lilikuwapo siku zote, ila yeye alizoea kutazama mabega tu.

Jumatatu Mwalimu alikuja mapema, hata cherehani haijatiwa mafuta. Hakuketi. Alielekea moja kwa moja upande wa jikoni, akasimama mbele ya koti lake.

"Huko..." Fundi alianza.

"Bitana bado?"

"Bado."

"Toa hiyo pamba. Nipime bila koti, na useme namba kwa sauti."

Fundi akapima. Alipima mara mbili. "Viwili," alisema. "Na nusu."

Mwalimu aliweka kidole kwenye maandishi ya chaki.

"Jaza kimoja," alisema. "Wasichana wasishtuke. Kingine na hiyo nusu bodi nitawaeleza mwenyewe, kabla hawajauliza. Wakinitoa, wamtoe mtu waliyemwona."

"Wanaweza kukutoa, Mwalimu."

"Wanaweza. Sasa andika, nikiona."

Fundi alichukua chaki. Miaka thelathini na moja hakuna mteja aliyewahi kumsimamia akiandika, na herufi zilitoka kubwa, za mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu aliinama, akasoma yote mpaka mwisho, ambako safari hii hapakuwa na "asijue".

"Funga bitana," alisema.