Kwenda Kuzalia Kilimani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akiona maandishi hawezi kuyaacha hivihivi, lazima atafute swali na jibu lake. Sheria ya uraia ilipobadilika, wanaume wenzake wa Mabanga, mtaa wetu wa Goma, waliguna, wakaenda zao kunywa. Yeye aliketi mezani na penseli nyekundu, akaanza kuisahihisha. Alipata makosa kumi na moja, nami nikampa hongera na sahani ya maharagwe.

Sheria ya kwanza ilikuwa imetupa uraia wa Zaïre sote kwa mkupuo, sisi tunaosema Kinyarwanda, ambao babu zetu waliletwa na Wabelgiji kuja kulima mashamba yao huko milima ya Masisi. Haikupita miaka mingi ikaja ya pili, ikasema ya kwanza ilikosea. Sasa raia ni yule ambaye ukoo wake ulikuwa tayari ndani ya mipaka siku Wazungu walipomaliza kuichora. Babu wa babu yangu hakuwa na habari kwamba kuna watu mahali fulani wanachora, kwa hiyo hakuomba risiti. Basi tulilala raia, tukaamka wageni, na kitanda ni kilekile. Mume wangu alizaliwa Masisi, mimi nilizaliwa Masisi, ila hiyo haikuwa kitu tena.

Kwa Chama, lakini, kile kimoja tu kilichotawala nchi, hatukuwa wageni hata kidogo. Chama kilikuwa cha kila mtu, na redio ilituambia kwamba hata mimba ni mwanachama. Mimi wakati huo nilikuwa na mimba ya nne, yaani nilibeba tumboni mwanachama kamili asiye na nchi. Siku za salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaro na barabara, hakuna aliyewahi kuniambia, mama, wewe ni mgeni, pumzika. Nilipewa fagio kama wananchi wengine.

Sasa nieleze habari ya tumbo langu, maana ndiyo habari yenyewe. Mtoto wangu wa pili alitoka kwa kupasuliwa, na wa tatu vilevile. Pale hospitali ya Goma kulikuwa na mkunga, mama mnene mwenye mikono ya joto, ambaye alinikalisha chini kabla sijarudi nyumbani.

"Mama, sikia muzuri," aliniambia. "Hiyo kidonda ya ndani ni sawa nguo yenye kushonwa mara mbili kwa fasi moja. Ukibeba mimba ingine, usizalie nyumbani, usizalie mbali. Uchungu ikianza tu, kuya hapa, hata na miguu."

Nilimwelewa. Mimba ya nne ilipoingia nilienda kupimwa mara mbili, bila neno. Mara ya tatu nilikuta karani mpya dirishani, kijana wa abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi hadi inang'aa. Akaigeuza karte yangu ya uraia mbele na nyuma.

"Mama, hii karte ni ya zamani."

"Ni ile mulitupatia ninyi."

"Balikosea. Kaa kule, kwa bageni."

Kule kulikuwa na benchi. Wageni walihudumiwa wananchi wakishamalizika, na wananchi hawamaliziki. Nilikuta nusu ya mtaa wetu imekaa hapo: jirani yangu mwenye kikohozi cha miezi, mama mwenye mtoto wa homa, na bibi mmoja aliyezaliwa kabla ya hospitali yenyewe kujengwa. Tulisalimiana kama tuko harusini. Kisha ikaanza kusemwa kwamba karte zinazoingia dirishani siku hizi zinabaki huko. Jirani akaenda kukohoa nyumbani, mama wa mtoto akarudi kwa majani ya kuchemsha, na baada ya mwezi benchi likawa tupu. Nasikia karani aliandika kwenye ripoti yake kwamba wageni wana afya nzuri sana.

Nami sikurudi. Nasema wazi, niliogopa. Karte ile ilikuwa kitu pekee chenye jina langu, na nilijiambia tumbo linaweza kungoja.

Ilikuwa mwezi wa mwisho mume wangu alipoingia jikoni na uso wa mtu aliyepata jibu la hesabu ngumu.

"Mama, nimepata," alisema. "Mutoto akizaliwa hapa, yule karani ataandika mugeni. Tumuzalie kule Masisi, kwa kilima, kwa kaburi ya babu. Chef wa kilima, mukubwa wa pale, ananijua, ataandika ni mutoto wa pale. Karatasi ya chef, nani ataikatala?"

"Na tumbo yangu, Papa batoto?"

"Tumbo yako iko na nini?"

"Itapasuka."

"Mama yangu alizala tisa palepale. Hakukuwa gari, hakukuwa munganga."

Nilimkumbusha maneno ya mkunga. Akasema mkunga anajua kuzalisha, hajui sheria. Nikamuuliza kama mtoto akizaliwa kilimani atakuwa amezaliwa miaka mia nyuma, kabla ya ramani. Hapo akachukua tena penseli.

Msinielewe vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Katika avenyu yetu nzima ni yeye peke yake aliyembebea mke wake maji mchana, watu wakimwona. Alimpenda mtoto yule hata kabla hajamwona, ndiyo maana akataka kumtafutia nchi kwanza na pumzi baadaye. Tena sikufungwa kamba. Nilipanda lori kwa miguu yangu mwenyewe, kwa kuwa nilichoka na benchi lile, na nikajiambia huenda mwalimu anasema kweli. Wengine hulaumu sheria. Mimi nina nafasi ya kutulaumu sote.

Lori lilikuwa la chumvi na bia. Nilipewa kiti mbele kwa dereva, mume wangu akapanda juu ya magunia. Mpaka mji mdogo wa Sake tulienda salama. Baada ya hapo barabara inapanda milima, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kwenye kona ya tatu tulizama kwenye matope, wanaume wakashuka kusukuma, lori likaruka mbele ghafla, nami nikasikia kitu kinachanika pale kwenye kovu, polepole. Uchungu wa kuzaa naujua. Huu haukuwa huo.

Kulikuwa na mama mmoja muuza jibini aliyekuwa akipanda kwao. Alinifungulia mlango, akanitazama mara moja tu, akamgeukia mume wangu.

"Papa, rudisha huyu mama."

"Imebakia kidogo. Kilima iko karibu."

"Ni kilima njo itazala?"

Yule mama hakungoja jibu. Aliwakusanya vijana, wakafunga miti na mablanketi, wakatengeneza kipoyi, wakanibeba mabegani kuteremka mpaka zahanati ya Sake. Muuguzi akanigusa tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Hapa hatuna mwenye kupasula. Goma, mbio."

Mume wangu alikuwa analia, jasho na machozi pamoja. Na katikati ya kilio hicho nilimsikia, kwa masikio yangu haya, akiuliza, "Munganga, hapa Sake si iko Masisi bado?"

"Iko Masisi."

"Basi azalie hapa. Utatuandikia Masisi."

Muuguzi akamtazama. "Mwalimu, nitaandika nini, mutoto ao kaburi?"

Nilitaka kucheka, lakini kucheka kunahitaji tumbo. Walinipakia kwenye kamyoneti ya mwenye shamba mmoja, juu ya mikebe ya maziwa, na yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Nakumbuka dirisha la hospitali. Karani wetu aliona damu inavyotiririka, na kwa mara ya kwanza hakuniomba karte.

Nilipoamka, mji wa mimba ulikuwa umeondolewa, na binti yangu alikuwa amekufa tangu njiani. Mkunga mwenye mikono ya joto aliketi kando yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuchoma ofisi zote za Goma, na sikuweza hata kuinua kikombe.

Mume wangu alikuja na karatasi ya kuzikia. Aliisoma mara tatu, kisha akanisogezea.

"Baliandika Zaïroise," alisema. "Bila kuuliza."

Kweli iliandikwa hivyo: msichana, hana jina, raia wa Zaïre. Baadaye karani mwenyewe alitueleza. Mgeni akifa, faili lake hupelekwa juu, kopi tatu na sahihi za wakubwa. Raia akifa, kazi inaisha palepale dirishani, na saa yake ya kutoka ilikuwa imefika.

Alimzika asubuhi, mimi nikiwa bado wodini. Siku ya tatu mume wangu alivaa abakosi yake, akachukua ile karatasi, akaenda ofisi ya zone, serikali ya wilaya, kuuliza kama dada aliye raia anaweza kuwasaidia ndugu zake watatu walio hai. Sikumzuia. Alirudi kabla ya chakula, akasimama mlangoni.

"Banasema uraia ya mufu haipite kwa bandugu," alisema.

Nilikuwa nimekaa kitandani. Maziwa yalikuwa yananitoka tangu alfajiri, yamelowesha blauzi yote mpaka kwenye kitenge. Akaniona, akauliza naumwa wapi.

Nikamwambia siumwi, mtoto ana njaa.